Mtoto Kuwekwa Vema: Habari za Kazi Isiyohesabiwa katika Nyanda za Juu

Katika vitabu vya jubilei ni desturi kuhesabu. Huhesabiwa makanisa yaliyojengwa, makasisi waliowekewa mikono, watu waliobatizwa na shule zilizofunguliwa. Na hayo ni haki, kwa maana shukrani isiyo na hesabu ni maneno matupu. Lakini iko kazi moja iliyofanyika kati yetu ambayo haina mnara wala kengele, na mtu apitaye njiani hawezi kuiona. Ni kazi ya kumlaza mtoto ubavu, kumketisha akakaa sawasawa, na kumsimamisha juu ya nyayo zake. Mtoto yule ambaye mwili wake haumtii. Habari za kazi hiyo ndizo nitakazozieleza hapa, jinsi ilivyochelewa kuja, na jinsi ilivyofika katika nchi za Iringa na Mbeya.

Kwanza sina budi kukiri jambo langu mwenyewe. Zamani nilipokuwa mwalimu wa dini katika kijiji kimoja cha milimani, nalizoea kwenda nyumba kwa nyumba kuwasalimu Wakristo. Katika nyumba moja alikuwamo mtoto mwanamume, umri wake yapata miaka sita, amelazwa chali katika chumba cha ndani, karibu na moto, macho yake yakitazama moshi darini. Miguu yake ilikuwa imekazana na kupishana kama mkasi, na kichwa chake kimevutwa nyuma. Mama yake aliniomba nimwombee. Nikamwombea, nikaenda zangu. Nalirudi mara nyingi, na kila mara nalimwombea, na kila mara nalimkuta chali vilevile. Hakuna aliyeniambia, wala mimi sikuuliza, kwamba kumgeuza ubavu tu na kumwekea nguo iliyokunjwa katikati ya magoti kungalimpunguzia taabu. Akafa kwa kichomi wakati wa baridi. Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu ya kuwa pengine uji aliokuwa akinyweshwa hali amelala ndio ulioingia mapafuni. Siandiki haya ili kumlaumu mama yule, ambaye alifanya yote aliyoyajua. Mimi ndimi niliyekuwa na nafasi ya kuuliza, nami sikuuliza.

Sasa tuitazame nchi yenyewe. Mwaka wa 1891 Wamoraviani walifika Rungwe, na mwaka huo huo watu wa misioni ya Berlin wakafika Unyakyusa, kisha wakapanda mpaka kwa Wakinga na Wabena. Wabenediktini wakajenga Tosamaganga katika Uhehe katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, zamani za Mkwawa, ambaye alikufa mwaka wa 1898. Baada ya vita kuu ya kwanza, mwaka wa 1919, wamisionari wa Konsolata wakaipokea kazi ya Iringa. Kila misioni ilikuwa na sanduku lake la dawa, na katika baadhi yake sanduku likawa zahanati, na zahanati ikawa hospitali. Leo majina ya Tosamaganga, Ikonda, Ilembula, Bulongwa, Isoko, Mbozi na Igogwe yanajulikana kwa wagonjwa kuliko hata kwa waumini.

Katika miaka baada ya 1920, dawa iliyowavuta watu katika Tanganyika nzima ilikuwa sindano ya buba. Mtu alikuja na vidonda, akachomwa sindano, na baada ya majuma machache ngozi yake ikawa safi. Watu walistaajabu, wakatembea siku nyingi ili wachomwe na wao. Hapo tulijifunza ya kuwa dawa ni kitu kinachoingia mara moja, na ugonjwa hutoka. Mafunzo hayo yalikuwa mema kwa habari ya buba, lakini yalituachia upofu wa namna yake. Kwa maana mtoto aliyekakamaa hakuponywa kwa sindano. Naye ambaye sindano haikumponya alirudishwa nyumbani, na mlango ukafungwa. Majirani wakasema ni laana, au mama yake alikosa mwiko fulani. Na baba mara nyingi akaondoka. Daftari la zahanati likaandika waliopona, wala halikuwa na mahali pa kumwandika huyu.

Ugonjwa wenyewe ni upi? Kwa Kiswahili huitwa mtindio wa ubongo. Dakitari William John Little wa London, ambaye mguu wake mwenyewe ulipindika tangu utoto, alifundisha habari za watoto wenye viungo vilivyokakamaa mwaka wa 1843. Na mwaka wa 1861 akawaeleza madakitari wenzake kwamba kuzaliwa kwa shida na kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa kwaweza kuudhuru ubongo wa mtoto. Leo twajua ya kuwa sababu ni nyingi: mtoto kuzaliwa kabla ya miezi yake kutimia, kukawia kulia baada ya kuzaliwa, manjano makali yasiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, na malaria iliyopanda kichwani. Laana haimo katika hesabu hiyo.

Wala watoto hawa si wachache kama tunavyodhani. Katika Uganda ya mashariki, wachunguzi waliohesabu watoto wa wilaya za Iganga na Mayuge na kutangaza habari zao mwaka wa 2017, walikuta yapata watoto 3 katika kila watoto 1000. Msomaji na apige hesabu yake mwenyewe. Parokia yenye watoto 1000 na isiwe na hata mmoja ibadani, aulize wako wapi.

Na hapa pana jambo ambalo yatupasa kulishika sana, maana ndilo msingi wa kazi yote. Jeraha la ubongo halikui, bali mtoto hukua. Misuli iliyokazwa huvuta mifupa ingali michanga, na mifupa hufuata. Mtoto alazwaye namna moja mchana na usiku, magoti yakiwa yameanguka upande mmoja, baada ya miaka michache nyonga yake hutoka mahali pake, na uti wa mgongo hupinda kama njia ya mlimani. Akiisha kupinda hivyo hawezi kuketi. Asipoweza kuketi hali chakula vema, wala hapumui vema, wala haoni nyuso za watu ila dari. Basi madhara mengi tuyaonayo hayakuja siku ya kuzaliwa. Yalikuja polepole, kila siku kidogo, kwa sababu ya namna alivyowekwa. Wazee husema, samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumeitumia methali hiyo kwa habari ya tabia njema tu. Kumbe ni kweli hata kwa mifupa.

Maarifa ya kumweka mtoto yalikuja kwa njia ndefu. Berta Bobath, mwanamke aliyekimbia Ujerumani kwa ajili ya mateso ya Wayahudi, alipokuwa London katika miaka ya vita kuu ya pili, aliona kwamba ukakamavu wa mgonjwa si kitu kisichobadilika. Ukibadili namna mwili ulivyokaa, ukakamavu nao hubadilika. Yeye na mumewe Karel, aliyekuwa dakitari, wakafundisha wengi. Si matumaini yao yote yaliyothibitika, kwa maana mikono haiponyi ubongo. Lakini walitufungua macho. Mwaka wa 1968 Nancie Finnie aliandika kitabu kwa ajili ya wazazi, kueleza jinsi ya kumbeba, kumlisha na kumwogesha mtoto wa namna hii nyumbani. Mwaka wa 1987 David Werner, aliyefanya kazi katika vijiji vya Meksiko, akatoa kitabu kikubwa chenye michoro mingi, ambamo viti vya watoto hutengenezwa kwa miti, mipira ya magari iliyochakaa, na hata kwa shimo lililochimbwa mchangani. Katika Zimbabwe mafundi wakatengeneza viti na meza kwa karatasi kuukuu na maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa unga, vikawa vigumu kama mbao. Na katika kusini ya Uswidi, tangu mwaka wa 1994, watoto hawa wamefuatwa kwa mpango mmoja, nyonga zao zikipimwa na kupigwa picha kwa wakati wake. Na nyonga zilizotoka mahali pake zikapungua sana. Hapo tunaona faida ya kuangalia mapema.

Katika nchi yetu hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka wa 1971, na huko wakafundishwa wataalamu wa mazoezi ya viungo. Na tangu mwaka wa 1981 huko huko wakafundishwa mafundi wa viungo vya bandia na vifaa vya kunyoshea miguu. Mwaka wa 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, yakakubali ya kuwa afya yapasa kumfikia mtu alipo. Na katika moyo huo ikaja kazi ya kuwafuata wenye ulemavu vijijini kwao. Mwaka wa 1994 CCBRT ikaanzishwa Dar es Salaam. Lakini kutoka Mbeya mpaka Dar es Salaam ni kilometa zaidi ya 800. Mama wa Ileje au wa Makete aliye na mtoto mzito mgongoni hawezi kwenda huko kila mwezi, wala hata kila mwaka. Ilikuwa lazima maarifa yapande milimani.

Dayosisi ya Ruaha ilikatwa katika Dayosisi ya Central Tanganyika mwaka wa 1990, na Donald Mtetemela akawa askofu wake wa kwanza. Mwaka wa 2003, chini ya dayosisi hiyo, Susie Hart kutoka Uingereza alianza katika mji wa Iringa kazi ya mikono iitwayo Neema Crafts, pamoja na vijana watatu viziwi, wakitengeneza karatasi, hata kwa mavi ya tembo. Kazi ikakua hata ikawa na watu zaidi ya mia wenye ulemavu, wafumaji, washonaji na wahudumu wa mkahawa. Kisha ikaongezwa sehemu ya mazoezi ya viungo kwa ajili ya watoto. Mjini humo humo Waitalia wenye moyo mwema walianzisha Nyumba Ali kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Na upande wa Mbeya Hospitali ya Rufaa ya Kanda hupokea wagonjwa wa Nyanda za Juu zote.

Mimi naona hekima ya pekee katika kuziweka kazi hizi mbili mahali pamoja, ya karakana na ya mazoezi. Mama aletaye mtoto wake kwa mara ya kwanza huja ameinamisha kichwa. Apitapo karakanani humwona mtu mzima asiyetembea ameketi katika kiti kilichompasa, anashona, anacheka, na mwisho wa mwezi hupokea mshahara. Hakuna mahubiri yawezayo kumwambia maneno hayo kwa upesi namna ile.

Basi kumweka mtoto ni kufanya nini? Nitaeleza kwa kifupi, si ili msomaji awe mganga, bali ili asiogope kuuliza.

Kwa habari ya kulala: mtoto aliyekakamaa asiachwe chali saa nyingi, maana chali kichwa chake na mgongo wake huzidi kuvutwa nyuma. Alazwe ubavu, mgongo ukiegemezwa kwa blanketi iliyokunjwa, mto au nguo katikati ya magoti, na mikono yote miwili mbele yake apate kuiona na kushika kitu. Kisha ageuzwe ubavu wa pili. Akiwa macho, na mtu akimwangalia, aweza kulazwa kifudifudi juu ya gunia lililojazwa pumba, kifua kikiwa juu kidogo, ili ajifunze kuinua kichwa.

Kwa habari ya kuketi: nyonga zirudi nyuma kabisa ya kiti, magoti yapinde, nyayo zikanyage chini au juu ya ubao, na ukanda upite mapajani karibu na nyonga, wala si tumboni. Pembe ya ukuta yatosha kuwa kiti cha kwanza, kwa kuwa huyaleta mabega mbele. Katika Rungwe gogo la mgomba, likikatwa na kuwekewa nguo, humsaidia mtoto kuketi kwa kupanua miguu kama apandaye punda. Katika Iringa mianzi ni mingi, na fundi aweza kufanya vyuma vya mbao visivyo vyuma, yaani mihimili miwili ya kushikia.

Kwa habari ya kula, nalo ni jambo la kufa na kupona: mtoto asilishwe hali amelala. Aketishwe wima, kidevu kikielekea chini kidogo, naye anayemlisha aketi mbele yake, uso kwa uso, ampe kijiko kidogo kidogo na kungoja ameze. Haraka ya mlishaji ndiyo humpalia mtoto.

Kwa habari ya kusimama: mtoto asiyesimama mwenyewe aweza kusimamishwa katika fremu ya mbao kwa muda kila siku, nyayo zikiwa bapa, ili mifupa yake ipate nguvu na nyonga zikae vema. Lakini fremu hiyo itengenezwe kwa shauri la mtaalamu, wala kiungo kisilazimishwe kamwe. Mtoto aliaye kwa maumivu anatuambia kwamba tumekosea. Tena hakuna mkao mmoja ulio mwema siku nzima. Hata kiti kizuri, mtoto akiachwa humo tangu asubuhi hata jioni, huwa kifungo, na ngozi yake hutoka vidonda.

Na kwa habari ya kubeba, hapa mama zetu walitangulia. Mtoto abebwaye mgongoni kwa mbeleko hukaa miguu imepanuliwa, magoti yamekunjwa, kichwa kikitazama dunia. Mkao huo ndio hasa wataalamu wanaoutafuta kwa nyonga za mtoto. Mtu akisema kwamba maarifa haya yote ni ya kigeni, amesahau mgongo wa bibi yake. Taabu ni kwamba mtoto huzidi uzito, na mgongo wa mama huchoka. Ndipo tunapomlaza chali, na ndipo saa ile kiti kingalihitajiwa.

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya niandike. Kazi hii ni dhaifu kwa namna moja: haina mwisho. Kisima kikichimbwa, kimechimbwa. Darasa likijengwa, limejengwa. Lakini kiti cha mtoto ni kama kiatu: kilichompasa mwaka wa nne hakitampasa mwaka wa sita, na kiti kisichompasa humpinda tena. Wafadhili hupenda kazi yenye siku ya kufungua, wapige picha, wakate utepe. Wakiisha kwenda, mtoto anakua bado. Tumeona miradi ikifika na ikiondoka, na viti vikageuzwa mahali pa kutagia kuku, si kwa ubaya wa wazazi, bali kwa kuwa hakuna aliyerudi kuvipima.

Kweli Serikali imefanya sehemu yake ya sheria: taifa letu lilithibitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka wa 2009, na mwaka wa 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Walakini sheria haigeuzi mtoto ubavu saa nane za usiku. Kwa hiyo naleta shauri, nalo si la fedha nyingi. Kila parokia iwe na daftari la watoto hawa, kama tulivyo na daftari la ubatizo, na jina lisifutwe mpaka mtoto amekuwa mtu mzima au amezikwa na kanisa. Kila parokia ichague mwanamke mmoja, ikiwezekana mama wa mtoto wa namna hiyo, apelekwe akajifunze, naye arudi kuwafundisha wenzake. Na seremala mmoja ajifunze kupima kiti. Na katika hesabu ya mwaka pawe na fungu la kurekebisha viti, liandikwe kwa jina lake, wala lisifichwe katika sadaka za dharura. Tena akina baba waitwe. Nimeona mafunzo mengi ambayo wanawake kumi na wawili walihudhuria pamoja na mwanamume mmoja, naye alikuwa dereva.

Katika Kitabu cha Samweli imo habari ya Mefiboshethi mwana wa Yonathani, ambaye alikuwa mtoto wa miaka mitano yaya wake alipomchukua akakimbia, akaanguka, akawa kiwete. Mfalme Daudi alimtafuta alikofichwa, akamleta nyumbani mwake, akala mezani pa mfalme siku zote. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, wala sikuona mahali palipoandikwa kwamba miguu yake iliponywa. Imeandikwa tu ya kuwa alipewa mahali pa kuketi. Hilo laweza kufanyika katika kila nyumba ya Uhehe, ya Ubena, ya Ukinga, ya Usafwa na ya Unyakyusa. Na yule mtoto wa chumba cha ndani hakuhitaji zaidi ya hilo apate kutuona sisi badala ya moshi. Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyaacha, naye atufundishe kuhesabu upya.